LinkedIn: kwa nini "Nina furaha kuwatangazia" inaipita posti yenye ujuzi? Wanaojua kuandika tuelekezane

#1 MizaniSawa

Wakuu, salaam.

Mtu akiandika LinkedIn "Nina furaha kuwatangazia kwamba nimeanza kazi mpya", kufika jioni pongezi zimefurika. Mhasibu akiandika jambo litakalomwepusha mfanyabiashara na faini, anaambulia laiki za wenzake wawili watatu wa ofisini, basi. Lawama zote hutupiwa algorithimu, yaani ule mfumo unaochagua posti ipi aonyeshwe nani. Mimi nasema kosa kubwa liko kwenye kalamu. Mtaalamu anakifukia kile anachokijua chini ya salamu, utangulizi na maneno ya semina, halafu anashangaa mbona hakuna aliyekiona.

Chukueni rasimu hii, ni ya aina tunayokutana nayo kila siku:

"Habari za asubuhi ndugu zangu wa LinkedIn. Natumaini mu wazima na mnaendelea vizuri na majukumu ya kulijenga taifa. Leo ningependa kuzungumzia umuhimu wa usuluhisho wa benki katika biashara ndogo na za kati. Usuluhisho wa benki ni nyenzo muhimu sana inayoimarisha uwazi, uwajibikaji na ufanisi…"

Usuluhisho wa benki ni kulinganisha vitabu vya biashara na taarifa ya benki. Aliyeiandika kazi anaijua. Mngeifanyia nini? Na mwenye maelezo tofauti ya kwa nini posti za ujuzi hazisomwi, ayalete.

#2 Kalamu_Nyeusi

Nimeihesabu. Kwenye simu LinkedIn huonyesha mistari michache tu, kisha inakata na kuweka "more". Chukulia herufi kama 140 pamoja na nafasi. Kwenye rasimu hiyo, herufi ya 140 inaangukia katikati ya neno "kuzungumzia". Msomaji ameshasalimiwa, ametakiwa uzima, ametajiwa ujenzi wa taifa, na bado hajui posti inahusu nini. Neno "benki" lenyewe halionekani.

Rasimu ya namna hii naisahihisha hivi. Natafuta sentensi moja ambayo mtu wa kazi hiyo hiyo akiisoma angebisha au angeuliza swali. Mara nyingi imejificha aya ya tatu au ya nne. Naipandisha juu kabisa. Vyote vilivyokuwa juu yake navifuta, sivihamishii chini, maana vikihamia chini bado vinamchosha msomaji, ila kwa kuchelewa. Kisha natoa maneno ya kupamba: "muhimu sana", "madhubuti", "wenye tija". Nafasi yake naweka namba, jina la hati, au kitendo. Pale palipoandikwa "uwazi, uwajibikaji na ufanisi" hakuna kitu mwenye duka anaweza kukifanya kesho asubuhi.

#3 Mwambao

Mkuu #2, kuanza bila salamu kwetu ni kuingia ndani ya nyumba ya watu bila hodi. LinkedIn humo wamo wakubwa wetu wa kazi, wamo walimu wetu. Kiingereza kinaruhusu kuanza na namba, Kiswahili kina adabu zake.

#4 Kalamu_Nyeusi

Mwambao, adabu naiafiki, nafasi yake ndiyo nabishana nayo. Salamu ni ya mtu na mtu. Posti inasomwa na watu ambao hujui ni asubuhi au usiku kwao, ni wakubwa au wadogo. Salamu zipeleke kwenye majibu: mzee akikomenti, mjibu "Shikamoo mzee, nashukuru kwa swali", kisha mpe jibu kamili. Hapo heshima inamfikia anayestahili, na kila apitaye anaiona.

#5 FundiMitandao

Marekebisho madogo kwa #2. Kinachokata ni mistari, si idadi ya herufi. Ndiyo maana ukiandika mstari mfupi, ukaacha mstari mtupu, ukaandika mwingine mfupi, posti inakatwa mapema kuliko herufi 140. Kwenye kompyuta unapata nafasi zaidi, mara nyingi herufi 200 na kidogo. Njia ya uhakika: jitengenezee rasimu, itazame kwenye simu yenye kioo kidogo, iliyokuzwa maandishi. Watu wazima wengi wamekuza maandishi.

Na kabla mtu hajaja na habari ya "mwisho herufi 1,300": hiyo ilikuwa zamani. Tangu 2021 posti inabeba hadi herufi 3,000. Komenti ni 1,250. Ile sentensi ya chini ya jina lako ni 220. Nafasi kuwa kubwa si amri ya kuijaza.

#6 TakwimuTu

Nampinga mleta mada. Hata uandike vizuri vipi, posti ya kazi mpya itakushinda kwa idadi, na sababu ni gharama ya kujibu. "Hongera sana" ni maneno mawili. Hayahitaji kujua chochote na hakuna wa kukukosoa. Kukomenti kwenye posti ya usuluhisho wa benki kunamtaka mtu aonyeshe, mbele ya bosi na wateja wake, kwamba anajua au hajui. Wengi wanasoma, wanajifunza, wanaondoka kimya.

Kwa hiyo kosa liko kwenye kipimo. Fungua takwimu za posti yenyewe. Idadi ya mionekano si idadi ya watu, mtu mmoja akiipitia mara tatu inaweza kuhesabiwa mara tatu. Ndiyo maana pana mstari mwingine wa watu waliofikiwa. Baada ya hapo tazama waliofungua profaili yako kutokea kwenye posti hiyo, waliohifadhi, na waliomtumia mtu mwingine. Posti ya kazi mpya ina laiki nyingi na waliohifadhi sifuri. Ya usuluhisho wa benki inaweza kuwa na laiki kumi na watu thelathini wameihifadhi. Ipi imefanya kazi?

#7 MizaniSawa

TakwimuTu hoja nzito, lakini hao thelathini wasingeihifadhi kama wasingebonyeza "more". Tunarudi palepale kwenye mstari wa kwanza.

#8 Bandarini

Wote mmeacha sababu kubwa: umeungana na nani humo LinkedIn. Mtandao wa mtu wa kawaida ni watu aliosoma nao, binamu, na wafanyakazi wenzake wa zamani. Posti huanza kuonyeshwa kwao. Binamu atampongeza kwa kazi mpya, ya usuluhisho wa benki haimhusu, anaipita. Akiipita yeye na wenzake, haiendi mbali. Hapo hakuna kosa la kalamu.

Dawa yake ni ya polepole. Kwa wiki tano sita, kabla ya kuandika posti zako, ingia kwenye posti za watu wa fani yako na uandike komenti zenye kitu ndani, mistari mitatu minne. Si "Nakubaliana nawe kabisa". Ongeza kisa kinachopinga, au hatua aliyoiruka mwandishi. Kisha waombe kuungana wale waliokujibu, ukitaja mjadala wenyewe.

#9 FundiMitandao

Bandarini yuko karibu na ukweli ila "akiipita" ina maana pana. Mwaka 2020 wahandisi wa LinkedIn walieleza wenyewe kwamba wanapima pia muda ambao mtu anabaki ameitazama posti, hata kama hakugusa kitu. Kwa hiyo wale wasomaji kimya wa TakwimuTu wanahesabika. Posti inayomfanya mtu asimame na kupiga hesabu kichwani ina faida hiyo.

#10 Binti_Ushirika

Shukrani kwa darasa. Swali: linki iwekwe ndani ya posti au kwenye komenti ya kwanza? Kila mtu anasema komenti.

#11 Kalamu_Nyeusi

Komenti. LinkedIn hawataki mtu atoke nje ya nyumba yao.

#12 TakwimuTu

Hiyo "hawataki" inasemwa sana lakini tazama maelezo mengine yanayotosha bila kuwasingizia. Posti zenye linki mara nyingi huandikwa kivivu: "Soma makala yangu mpya hapa". Hazina kitu ndani, kitu kiko nje. Aliyebonyeza ameondoka, hakukomenti. Aliyeko kwenye bando anaogopa kufungua ukurasa mzito. Zote tatu zinaishusha posti bila adhabu yoyote kutoka juu.

Komenti ya kwanza nayo ina hasara yake. Komenti hupangwa kwa zinazoonekana kufaa zaidi, si kwa saa. Zikifika ishirini, yako yenye linki inaweza kuzama, na watu wanaanza kuuliza "linki iko wapi mkuu?" hadi jioni.

#13 FundiMitandao

Njia ya kati: andika posti inayojitosheleza, ambayo hata asiyefungua linki ameondoka na kitu. Weka linki mwishoni mwa maandishi. Ikitokea ile picha ya onyesho la ukurasa, ifute kwa alama ya X, upakie picha yako. Linki ndefu LinkedIn itaifupisha yenyewe kuwa lnkd.in, usihangaike kuifupisha kabla.

Ukitaka kubaki na onyesho la ukurasa na linaleta picha ya zamani au kichwa cha zamani, LinkedIn wana chombo kinaitwa Post Inspector. Bandika anwani ya ukurasa, kitausoma upya. Fanya hivyo kabla ya kuposti. Watu wanafuta na kuposti upya mara nne kwa tatizo la dakika moja.

#14 Mwambao

Tumehama. Turudi kwenye lugha. Je, hiyo rasimu ya mleta mada iandikwe Kiswahili au Kiingereza? Maana ujuzi wa fani nyingi umeandikwa Kiingereza, na Kiswahili maneno yake marefu, hayaenei kwenye hiyo mistari mitatu mnayoisema.

#15 Kalamu_Nyeusi

Maneno marefu, sentensi fupi. "Hawajatulipa" ni herufi 12. Kiingereza kinahitaji maneno matano, herufi 21 pamoja na nafasi. Kitenzi chetu kinabeba mtenda, wakati, kukanusha na mtendwa kwa pamoja. Kiswahili cha posti kinakuwa kirefu pale kinapofuata mwendo wa Kiingereza: "ni nyenzo muhimu inayoweza kusaidia katika kuimarisha". Andika kitenzi: "huonyesha", "huzuia", "hukamata". Mistari mitatu itakutosha na itabaki nafasi.

#16 Nairobi_Magharibi

Inategemea nani unataka akujibu. Mteja wako ni mwenye duka Kariakoo au Gikomba, andika Kiswahili. Unatafuta kazi kwenye shirika la kimataifa, meneja anayeajiri atasoma Kiingereza. Kosa ni kuweka zote mbili kwenye posti moja, Kiingereza juu na Kiswahili chini. Msomaji wa Kiswahili hafiki chini, kwa sababu kabla ya "more" ameona Kiingereza kitupu. Tenganisha posti mbili, siku mbili tofauti, na kila moja iwe na mfano wake.

Jambo la pili, la muhimu kwa wahasibu: tajeni nchi. Mtu anaandika "PAYE mwisho tarehe 7", ile kodi ya mishahara, bila kusema ni Tanzania. Sisi Kenya ni tarehe 9. Komenti zote zinageuka ubishi wa tarehe na hoja ya posti inapotea. VAT ndiyo tunakutana, tarehe 20 kote kote.

#17 MamaLeja

Hapo kwenye kodi niongeze: kiwango cha kodi usikiweke ndani ya picha. Sheria ya Fedha hubadilika na mwaka mpya wa fedha Julai, na posti za LinkedIn zinaendelea kuzunguka. Maandishi ya posti unaweza kuyahariri baada ya kuposti, picha huwezi kuibadilisha. Picha ikiwa na kiwango cha mwaka jana, dawa ni kuifuta posti nzima pamoja na komenti zake nzuri.

Kuhusu rasimu ya #1, mada yenyewe imeshikwa mahali pabaya. "Umuhimu wa usuluhisho" hauna kisa. Kisa kiko kwenye makato. Mteja amelipa 100,000 kwa simu, kilichoingia benki ni 98,500 kwa mfano, na mwenye duka anaandika mauzo 98,500. Hapo amekosea mara mbili kwa mstari mmoja: mauzo yamepungua na gharama haipo. Ripoti ya Z, yaani jumla ya mauzo ya siku kwenye mashine ya EFD ya kutolea risiti za kodi, inasema 100,000. Hizo namba mbili zikikaa mezani pamoja mbele ya mkaguzi, maelezo yanakuwa marefu.

#18 Kalamu_Nyeusi

MamaLeja ameimaliza. Mstari wa kwanza ndio huo:

"Mauzo ya siku: 100,000. Benki: 98,500. Ile 1,500 umeiandika wapi?"

Herufi 65 pamoja na nafasi. Unaenea kwenye kioo chochote, na mwenye duka anaanza kujibu kabla hajabonyeza kitu.

#19 Mwambao

Huo nimeukubali hata bila salamu.

#20 Mwanafunzi_CPA

Wakubwa, naona wengi wanaandika herufi nene na za mlazo kwenye LinkedIn, zinatolewa wapi? Mstari kama huo ukinenepeshwa si ungevuta zaidi?

#21 FundiMitandao

Usiufanye hivyo. Kisanduku cha posti hakina kitufe cha kunenepesha. Zile herufi zinatoka kwenye tovuti za kubadilisha maandishi, na kiukweli si herufi nene, ni alama za hisabati za Unicode zinazofanana na herufi. Hasara tatu. Mtu akitafuta "mhasibu", neno lako lililoandikwa kwa alama hizo huenda lisipatikane, kwa kuwa kwa kompyuta hilo si neno "mhasibu". Pili, asiyeona anayetumia programu ya kusomewa kioo, kama TalkBack au VoiceOver, anaweza kusomewa alama moja moja au kurukwa kabisa. Tatu, kwenye baadhi ya simu za zamani zinatokea kama visanduku vitupu.

Ukitaka mkazo, weka mstari peke yake. Nafasi juu, nafasi chini.

Na picha zenu muwe mnaziwekea maelezo ya maandishi, sehemu ipo wakati wa kupakia. Usiandike "picha ya jedwali". Andika jedwali linasema nini.

#22 Binti_Ushirika

Na hashtagi? Kuna mtu aliweka kumi na nane.

#23 TakwimuTu

Mbili tatu, za fani yako. Nyingi hazimdanganyi mtu. Andika kila neno kwa herufi kubwa mwanzoni, #HesabuZaBiashara, ili isomeke na isomwe vizuri na hizo programu alizotaja Fundi. Kiswahili kina mtego wake: ritifaa inaikata hashtagi. Ukiandika #ng'ombe, kinachogeuka linki ni #ng peke yake. Wa mifugo watumie #Mifugo.

#24 Wakili_Mkweli

Naomba kuleta tahadhari kabla mtu hajaenda kuposti taarifa ya benki ya mteja. Kisa cha kweli ndicho kinachovuta, nakubali, lakini siri ya mteja ni wajibu wa taaluma ya uhasibu, na Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, Kenya ya 2019. Kuficha jina hakutoshi. "Duka la dawa pekee karibu na stendi ya wilaya fulani" ni jina tosha. Badilisha namba zote ziwe za mfano zenye uwiano uleule, badilisha aina ya biashara kama haiathiri hoja, na useme wazi kwamba ni mfano.

Picha ya kioo cha simu: usichore kwa ile kalamu ya kuangazia iliyo nusu uwazi, mtu akiongeza mwanga wa picha anasoma chini yake. Kata sehemu hiyo kabisa au ifunike kwa kisanduku kisichopitisha.

#25 MamaLeja

Naunga mkono, na niwaongezee wale wanaopakia PDF za kurasa: faili hiyo msomaji anaweza kuipakua. Kama uliitengeneza kutoka kwenye faili ya mteja, sifa za faili zinaweza kuwa na jina la kampuni na la aliyeiandaa. Zisafishe kwanza.

#26 Mwanafunzi_CPA

PDF za kurasa ndizo zinazofanya vizuri kuliko zote, au siyo?

#27 Kalamu_Nyeusi

Zikiwa zimetengenezwa kwa ajili ya simu. Wengi wanachukua ripoti ya A4 wanaipakia ilivyo. Kwenye simu maandishi ya kawaida ya A4 yanakuwa kama mchanga. Tengeneza ukurasa wa pikseli 1080 kwa 1350, maneno yasizidi 30 au 40 kwa ukurasa, wazo moja. Ukurasa wa kwanza ubebe swali, si nembo ya kampuni. Kurasa nane zinatosha kwa mada kama ya makato: tatizo, namba mbili, kosa, mwingizo sahihi, ratiba. Zikifika ishirini, huenda ulikuwa unaandika makala.

#28 TakwimuTu

Na hapo usiseme "zinafanya vizuri" bila kuangalia kwa nini. Kufungua kurasa nane kunachukua muda, na #9 ameeleza muda unapimwa. Inaweza kuwa hilo, inaweza kuwa kwamba aliyetengeneza kurasa nane alifikiri zaidi kuliko aliyeandika mistari miwili. Huwezi kuvitenganisha kwa macho.

#29 Bandarini

Kuna wanaopita njia ya mkato, makundi ya WhatsApp ya "weka linki tukulaiki". Watu arobaini wa fani arobaini wanagonga laiki ndani ya dakika kumi na komenti zote ni "Great insight". Mtu wa mapishi akikulaiki, posti yako ya usuluhisho inapelekwa kwa wapishi, nao wanaipita. Tena ni kinyume na masharti ya LinkedIn. Nimeshatoa dawa kwenye #8, ni ya polepole lakini wanaokujibu ni wa kazi yako.

#30 Binti_Ushirika

Saa ya kuposti je?

#31 Nairobi_Magharibi

Kwa wafanyakazi wa ofisini, asubuhi kabla barua pepe hazijawazonga, Jumanne hadi Alhamisi. Muhimu zaidi, uwepo mwenyewe saa ya kwanza kujibu. Ukiposti ukaingia kikaoni, swali la kwanza likikaa saa nne bila jibu, wa pili haulizi.

#32 Gulf_Mswahili

Kwa wenye wasomaji huku Ghuba: Muscat na Riyadh Jumapili ni siku ya kazi, mapumziko ni Ijumaa na Jumamosi. Dubai wao tangu 2022 wanapumzika Jumamosi na Jumapili, na Ijumaa ni nusu siku. Saa za Riyadh ni sawa na za Nairobi; Muscat na Dubai tumewazidi saa moja.

#33 FundiMitandao

Na mnaotumia kupanga posti itoke baadaye, angalieni saa ya Kiswahili. "Saa mbili asubuhi" kwenye kisanduku ni 8:00 AM. Mtu anaweka 2:00 AM, posti inatoka watu wamelala, kisha inalaumiwa algorithimu.

#34 MizaniSawa

Wakuu, nimeiandika upya kwa maelekezo yenu. Ikosoeni:

"Mauzo ya siku: 100,000. Benki: 98,500. Ile 1,500 umeiandika wapi?

Wateja wamelipa kwa simu. Makato yamekatwa, kilichobaki kimeingia benki. Mwenye duka anaandika mauzo 98,500 kwa sababu ndicho anachokiona kwenye taarifa ya benki.

Ripoti ya Z inasema 100,000. Kwa siku 26 za kazi, tofauti imefika 39,000.

Mwingizo sahihi (mfano, Tanzania Bara, asiyesajiliwa VAT):
Debiti Benki 98,500
Debiti Makato ya miamala 1,500
Krediti Mauzo 100,000

Fanya usuluhisho kila Jumatatu. Muamala wa wiki iliyopita mtu bado anaukumbuka, wa wiki nne zilizopita hamkumbuki hata aliyelipa.

Dukani kwako hiyo 1,500 anaiandika nani: mwenye duka, karani, au mhasibu wa nje?"

#35 MamaLeja

Safi sana. Kasoro moja ya kitaalamu: malipo ya jioni yanaweza kuingia benki kesho yake. Kwa hiyo tofauti ya siku moja si makato peke yake. Ongeza mstari: "Kwanza tenga malipo ambayo bado hayajaingia, ndipo uhesabu makato." Usipoweka, mhasibu wa kwanza kukomenti ataanzia hapo.

#36 TakwimuTu

Mimi ningeuacha nje kwa makusudi. Huyo mhasibu akianzia hapo, ndiye komenti yako bora ya siku, na utamjibu kwa mfano.

#37 MamaLeja

Hapana, TakwimuTu. Mwenye duka anayesoma bila kufungua komenti ataandika makato yasiyo sahihi kesho asubuhi. Kitu kinachojulikana kuwa pungufu hakiachwi kwa ajili ya komenti.

#38 Kalamu_Nyeusi

Nipo na MamaLeja kwa hili. Swali la mwisho ni zuri, linajibika kwa neno moja na halimdhalilishi mtu. Hiyo inampunguzia msomaji ile gharama ya kujibu aliyoisema TakwimuTu kwenye #6.

#39 Mwanafunzi_CPA

Je, hilo swali lisingefaa kuwa kura ya maoni?

#40 FundiMitandao

Lingewezekana, lakini chaguo ni nne tu na kila moja haizidi herufi 30. "Sijawahi kufanya usuluhisho wa benki" ni herufi 36, haingii, utaandika "Sijawahi kufanya". Pia aliyeanzisha kura anaona nani amechagua nini. Kwa swali la nani anakosea vitabu, wengi wakilijua hilo hawatagusa. Ikishatoka, kura haihaririwi.

#41 Bandarini

MizaniSawa, posti ni nzuri na bado nasema ikiwekwa kwenye akaunti yenye binamu 400 itapata laiki tano. Mtaje pale mtu mmoja wa fani ambaye ameshaandika kuhusu makato, kwa hoja yake, si kwa kumwita tu.

#42 MizaniSawa

Nimeongeza mstari wa MamaLeja. Mkuu Bandarini, yupo mmoja nimemkusudia, nimeshamwomba ruhusa. Nimeiandika kwenye Notes ya simu, naibandika Jumanne saa mbili asubuhi.

#43 FundiMitandao

Jina lake usilibandike kutoka Notes, litakuwa maandishi tu na yeye hatapata taarifa. Ukishabandika posti, nenda mahali pa jina, andika @ na herufi zake za mwanzo, subiri orodha ishuke, umchague mwenye picha yake. Majina yanafanana sana humo.